Majina Yaliyobaki na Dramu Zilizofutwa: Kisa cha Bob Daisley, Lee Kerslake na Ozzy Osbourne

Mwaka 2002, albamu mbili za kwanza ambazo mwimbaji Mwingereza Ozzy Osbourne alizitoa baada ya kuondolewa katika bendi ya Black Sabbath, yaani Blizzard of Ozz ya mwaka 1980 na Diary of a Madman ya mwaka 1981, zilirudi madukani zikiwa zimebadilishwa. Sauti ya Osbourne ilikuwa ileile, na gitaa la Randy Rhoads, kijana aliyefariki kwa ajali ya ndege ndogo huko Florida mwezi Machi 1982, lilikuwa lilelile. Lakini besi na dramu za siku zile zilikuwa zimeng'olewa, na mahali pake pamewekwa besi ya Robert Trujillo na dramu za Mike Bordin, wanamuziki waliokuwa katika bendi ya Osbourne wakati huo na ambao hawakuwa na sehemu yoyote katika nyimbo hizo zilipozaliwa. Waliong'olewa walikuwa Bob Daisley, mpiga besi kutoka Australia, na Lee Kerslake, mpiga dramu Mwingereza. Hata hivyo, msikilizaji aliyegeuza jalada ili asome nani alitunga nini aliendelea kulikuta jina la Daisley karibu katika kila wimbo, na la Kerslake katika nyimbo kadhaa za albamu ya pili.

Hapo ndipo penye kiini cha kisa hiki. Watu walewale, katika kazi ileile, walifutika upande mmoja na upande wa pili wakabaki. Aliyetaka kuwaondoa alikuwa na uwezo wa kuondoa mlio wa nyuzi na kishindo cha ngoma, lakini hakuwa na uwezo wa kuondoa majina yaliyokwisha kuandikishwa kama watunzi. Magomvi ya namna hii katika bendi za hevi metali, yaani muziki wa roki wa gitaa zito, husimuliwa mara nyingi kama magomvi ya tabia, ya pombe, ya wake na mameneja, na hayo yote yamo humu pia. Lakini ninaamini kisa hiki kinaeleweka vizuri zaidi kikisomwa kama kisa cha karatasi: ipi iliandikwa, lini iliandikwa, na ipi haikuandikwa kabisa.

Osbourne aliondolewa Black Sabbath mwaka 1979. Alitoka katika bendi yenye desturi nyepesi kuhusu utunzi: katika albamu zao za mwanzo nyimbo ziliandikwa kwa majina ya wote wanne, Osbourne, Tony Iommi, Geezer Butler na Bill Ward, ingawa ilijulikana wazi kwamba Iommi ndiye aliyeleta vipande vikuu vya gitaa na Butler ndiye aliyeandika sehemu kubwa ya mashairi. Mgawanyo huo haukupima jasho la kila mmoja katika kila wimbo, lakini uliwapa wote wanne sababu ileile ya kukesha mazoezini, na uliwaepusha na swali ambalo bendi nyingi hulijibu kwa kelele miaka kumi baadaye. Osbourne alipoanza upya, chini ya Don Arden, baba wa Sharon aliyekuja kuwa meneja na mke wa Osbourne, na kampuni yake ya Jet Records, desturi hiyo haikuhamia naye yote.

Daisley alikutana na Osbourne jijini London mwaka huohuo wa 1979. Hakuwa mgeni katika kazi. Alikwisha kupiga besi katika bendi ya Rainbow ya Ritchie Blackmore, na alijua jinsi bendi kubwa zinavyoendeshwa na jinsi zinavyovunjika. Rhoads alikuja kutoka Los Angeles, ambako alikuwa mpiga gitaa wa Quiet Riot na pia mwalimu wa gitaa. Kwa maelezo ya Daisley, ambayo ameyarudia kwa miaka mingi bila kuyabadili, yeye na Rhoads walikuwa wakikaa uso kwa uso, kila mmoja na ala yake, wakijenga mpangilio wa wimbo kutoka katika vipande vya gitaa vya Rhoads, huku Osbourne akiimba juu yake kwa maneno yasiyo na maana ili kuipata sauti ya kuimbia, yaani melodi, na baadaye Daisley akaondoka na kanda na kwenda kuandika mashairi yatakayokaa juu ya sauti hiyo. Kanda za mazoezi hayo alizihifadhi. Wanamuziki wachache wa kizazi chake walikuwa na uangalifu huo.

Mfano unaotajwa zaidi ni wimbo wa Crazy Train. Daisley anasimulia kwamba Rhoads alikuwa akicheza na vifaa vyake vya kubadilishia sauti ya gitaa, vikatoa mlio kama wa treni lakini wenye wazimu ndani yake. Yeye na Rhoads walikuwa wapenzi wa treni, hata zile ndogo za kuchezea, na jina la wimbo likatoka katika mazungumzo hayo, kisha mashairi ya hofu ya vita baridi yakafuata. Kipande cha gitaa kinachoufungua wimbo ni cha Rhoads, sauti ya kuimba ni ya Osbourne, na mashairi ni ya Daisley. Ukitoa chochote kati ya vitatu hivyo, wimbo huo haupo. Kwa hiyo majina matatu yaliyoandikwa chini yake, Osbourne, Rhoads na Daisley, ni maelezo sahihi ya jinsi ulivyoumbwa, na yalikuwa sahihi tangu mwanzo.

Suala la mashairi linahitaji kukaziwa macho kidogo, kwa sababu hadhira ya hevi metali humchukulia mwimbaji kuwa ndiye mwenye maneno anayoyatoa. Wimbo wa Suicide Solution unaonyesha jinsi dhana hiyo inavyoweza kupotosha. Katikati ya miaka ya 1980 wazazi wa kijana mmoja wa California aliyejiua walimshtaki Osbourne na kampuni yake ya kurekodi wakidai kwamba wimbo huo ulimchochea mtoto wao. Mahakama za California zilikataa madai hayo. Osbourne alieleza kwamba wimbo ulihusu kifo cha Bon Scott, mwimbaji wa AC/DC aliyefariki Februari 1980 baada ya usiku wa kunywa pombe. Daisley, aliyeandika mashairi, amesema kwamba mtu aliyekuwa mbele ya macho yake alipokuwa akiandika alikuwa Osbourne mwenyewe, ambaye alikuwa akijiua polepole kwa chupa, na kwamba neno la pili katika jina la wimbo lilimaanisha pombe kama kimiminika, wala halikumaanisha njia ya kutatua tatizo. Maana ya wimbo ilijadiliwa nchi nzima, na aliyeulizwa alikuwa yule ambaye hakuwa ameyaandika mashairi yake. Kwangu mimi hili ndilo dhihirisho kubwa kuliko yote la kwa nini jina la mtunzi si pambo la jalada.

Kerslake, aliyekuwa mpiga dramu wa Uriah Heep, aliingia mwishoni, nyimbo nyingi za albamu ya kwanza zikiwa zimekwisha kupata umbo. Walirekodi katika studio ya Ridge Farm, kusini mwa London, mwanzoni mwa mwaka 1980. Ndiyo maana katika albamu hiyo jina lake liko kwenye wimbo mmoja tu, No Bone Movies, wakati katika Diary of a Madman, ambayo aliishiriki tangu mazoezi ya kwanza, anatajwa mara kadhaa. Tofauti hiyo inatuonyesha kwamba waliogawa majina walijaribu, angalau kwa sehemu, kufuata ukweli wa nani alikuwapo wimbo ulipotungwa.

Dramu ndizo huleta ubishi mgumu kuliko ala nyingine zote. Sheria ya Uingereza humtambua mtunzi-mwenza pale mchango wake unapokuwa wa kweli na wa asili katika utunzi wenyewe, mbali na namna unavyopigwa, na mahakama hazijawa wepesi kwa wapigaji. Mwaka 1999 wanachama watatu wa Spandau Ballet walishindwa katika shauri dhidi ya mwenzao aliyekuwa ameandikwa kama mtunzi pekee. Jaji aliona kwamba walichofanya, hata kile kipande cha saksafoni kinachokumbukwa na wengi, kilikuwa ni kupiga vizuri na hakikufikia kutunga. Miaka kumi baadaye mpiga kinanda wa Procol Harum alishinda katika Mahakama ya Mabwana, iliyokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, kuhusu wimbo uliorekodiwa mwaka 1967, kwa kuwa kipande chake cha kinanda kilionekana kuwa sehemu ya mwili wa wimbo, na kuchelewa kwake takriban miaka arobaini hakukumnyima haki. Mashauri hayo mawili hayakuwa ya bendi za hevi metali, lakini yanaonyesha jinsi mstari ulivyo mwembamba, na kwa nini mpiga dramu ambaye jina lake halikuandikwa siku wimbo ulipozaliwa huwa na kazi kubwa ya kulipata baadaye mbele ya jaji. Kerslake alibahatika kuandikwa mapema katika zile nyimbo alizoandikwa.

Ufa wa kwanza haukutokea kwenye utunzi. Ulitokea kwenye jalada. Daisley na Kerslake wameshikilia kwamba walijiunga na bendi, na kwamba jina la bendi hiyo lilikuwa The Blizzard of Ozz, lenye wanachama wanne. Jalada lilipotoka, jina kubwa lilikuwa la Ozzy Osbourne, na lile la bendi likasomeka kama jina la albamu tu. Mabadiliko hayo ya ukubwa wa herufi yalibadilisha cheo cha watu watatu kutoka wanachama hadi wapigaji walioajiriwa, na hakuna mkataba wa wakati ule ulioweza kuyazuia.

Mwaka 1981 walirekodi Diary of a Madman palepale Ridge Farm. Kabla albamu hiyo haijatoka mwezi Novemba, Daisley na Kerslake walikuwa wamekwisha kuachishwa, na nafasi zao kuchukuliwa na Rudy Sarzo na Tommy Aldridge kwa ajili ya safari za maonyesho. Jalada la albamu lilibeba picha na majina ya Sarzo na Aldridge kama wapigaji, ingawa besi na dramu zote zilizomo zilipigwa na wale wawili walioondoka. Sarzo amesema hadharani, na kwa heshima kubwa kwa Daisley, kwamba hakupiga noti hata moja katika albamu hiyo. Aldridge naye hajawahi kudai kwamba dramu zile ni zake. Ninalitaja hili kwa sababu katika kisa chenye uchungu mwingi ni vema kuwatambua waliokataa kupokea sifa isiyo yao.

Sasa lazima tuingie kwenye fedha, maana bila fedha mtu anaweza kudhani kwamba ugomvi huu ulikuwa wa heshima peke yake. Wimbo uliorekodiwa hubeba haki mbili. Ya kwanza ni ya utunzi, yaani sauti na mashairi, na hii ni ya watunzi na mchapishaji wao wa muziki. Ya pili ni ya rekodi, yaani ule mkanda wenyewe, na hii kwa kawaida hushikwa na kampuni, huku wapigaji wakilipwa kadiri ya mkataba wao na kampuni au na kiongozi wa bendi. Sheria ya Tanzania ya mwaka 1999 inazitenganisha haki hizo katika jina lake lenyewe, Hakimiliki na Hakishiriki, na msomaji anayejua maneno hayo mawili ana ufunguo wa kisa chote. Nchini Marekani, ambako albamu hizi ziliuza kwa mamilioni, tofauti ni kali zaidi: redio za kawaida za nchi hiyo huwalipa watunzi wimbo unapochezwa, lakini haziwalipi wapigaji wanaosikika humo. Crazy Train unapopigwa redioni huko Ohio au uwanjani kabla ya mechi, Daisley hupata kitu kwa sababu alitunga. Kwa sababu alipiga besi, hapati chochote kutoka kwenye redio hiyo. Haki ya utunzi, zaidi ya hayo, huishi muda mrefu: kwa kazi ya watunzi-wenza, sheria za Uingereza na Marekani huanza kuhesabu miaka 70 tangu kifo cha yule wa mwisho kati yao, kwa hiyo warithi wa Rhoads, aliyefariki akiwa na miaka 25, nao bado wanalindwa na uhai wa Daisley.

Shauri la kwanza lilifunguliwa mwaka 1986, Daisley na Kerslake wakidai mirabaha, yaani malipo yatokanayo na mauzo na matumizi ya kazi, na kutambuliwa kwa kazi walizofanya katika albamu hizo mbili, na upande wa utunzi ukaimarika mikononi mwao. Jambo la kustaajabisha ni kwamba kabla ya hapo Daisley alikuwa amekwisha kurudi kufanya kazi na Osbourne. Aliandika na kupiga katika Bark at the Moon ya mwaka 1983, na katika albamu hiyo kila wimbo uliandikwa kwa jina la Osbourne peke yake. Daisley ameeleza kwamba alilipwa fedha kwa mkupuo ili asitajwe kama mtunzi. Yeye alikuwa mtu mzima aliyejua anachouza, na aliuza.

Jake E. Lee, mpiga gitaa kijana aliyechukua nafasi ya Rhoads, hakuwa na uzoefu huo. Amesimulia kwamba aliahidiwa kwa mdomo sehemu yake ya utunzi, na kwamba baada ya kumaliza kurekodi gitaa lake ndipo akaletewa karatasi iliyosema kwamba Osbourne ametunga kila kitu na kwamba yeye hana haki ya kudai wala kusema vinginevyo hadharani. Akikataa kutia saini, ataondoka na mwingine atapiga vipande vyake. Alikuwa mbali na kwao, bila wakili. Alitia saini. Yeyote aliyewahi kusimama mbele ya tajiri mwenye kalamu mkononi ataelewa uzito wa dakika ile. Alipoitwa kwa ajili ya The Ultimate Sin, iliyotoka mwaka 1986, Lee alikataa kuandika noti hata moja mpaka mkataba uwe mezani, na katika albamu hiyo jina lake lipo. Mashairi mengi ya albamu hiyo ni ya Daisley, ambaye alikuwa ameondoka tena baada ya kukosana na Osbourne, na nakala za kwanza zilitoka bila jina lake kabla kosa hilo halijarekebishwa.

Nimelikalia suala la Bark at the Moon kwa sababu linaonyesha kinyume chake. Katika Blizzard of Ozz majina yaliandikwa wakati kila mtu alikuwa bado ana haja na mwenzake. Osbourne alikuwa ametupwa na bendi yake, Rhoads hakujulikana nje ya California, na Daisley ndiye aliyekuwa na uzoefu. Miaka mitatu baadaye nguvu zote zilikuwa upande mmoja, na kurasa za utunzi zikaandikwa kufuata nguvu hizo. Wimbo haukutungwa kwa namna tofauti sana. Kilichobadilika ni nani aliweza kusema hapana.

Shauri lililoleta maafa ni lile la mwaka 1998, ambalo Daisley na Kerslake walilifungua huko Los Angeles dhidi ya Ozzy na Sharon Osbourne, safari hii wakidai mirabaha yao kama wapigaji wa albamu hizo mbili. Walikuwa wametoka kwenye uwanja waliokuwa na karatasi na kuingia kwenye uwanja ambao karatasi zao zilikuwa hafifu. Wakati shauri likiendelea, yalitoka yale matoleo ya mwaka 2002 yenye besi na dramu mpya. Sharon Osbourne alieleza kwamba wale wawili walikuwa wamewasumbua kwa muda mrefu na kwamba mumewe alitaka waondolewe kwenye rekodi. Osbourne mwenyewe, miaka baadaye, alisema uamuzi huo haukuwa wake. Kufikia mwaka 2003 madai yao yalikuwa yametupwa, na rufaa haikuwasaidia. Kerslake alisimulia baadaye kwamba gharama za kesi hizo zilimmaliza, hata akalazimika kuuza nyumba yake.

Haki ya mpigaji kutambuliwa kwa jina lake katika kazi aliyoipiga haikuwamo katika sheria ya Uingereza wakati huo. Iliingia mwaka 2006. Huko Marekani ulinzi wa aina hiyo kwa wanamuziki haupo katika sheria ya hakimiliki. Kwa hiyo tendo la mwaka 2002, ambalo mashabiki wengi waliliona kama kufukua kaburi, halikuhitaji ruhusa ya waliofukuliwa. Aliyemiliki rekodi aliweza kuifanyia alichotaka. Kilichowalinda Daisley na Kerslake katika nusu yao ya pili, ile ya utunzi, kilikuwa jambo dogo lililofanyika mwanzoni kabisa, wakati hakuna aliyejua kama albamu ile itauza nakala elfu moja. Hata toleo lile lililowafuta lilipouzwa, kila nakala ilizalisha mirabaha ya utunzi kwa majina yao.

Haki inadai tuseme pia upande wa Osbourne, na kuusema bila kuupunguza. Sauti ya kuimbia ni utunzi, na katika nyimbo hizi sauti hiyo ni yake; watu milioni wanaoweza kuimba Crazy Train bila kujua neno moja la beti zake wanaimba mchango wa Osbourne. Bila jina lake, lililokwisha kujulikana kutokana na Black Sabbath, pasingekuwa na mkataba na Jet Records wala studio ya Ridge Farm. Yeye ndiye aliyekuwa akibeba lawama maonyesho yalipozuiwa na mahakama ilipoita. Na kuhusu utunzi wa albamu ya kwanza na ya pili, yeye na kampuni yake hawakukana kwamba Daisley ni mtunzi. Daisley alipofungua shauri jingine mwaka 2016 huko Nevada dhidi ya Osbourne na kampuni ya uchapishaji wa muziki ya Blizzard Music, akidai kwamba alikatwa zaidi ya ilivyopasa na kwamba anadai zaidi ya dola milioni 2, msemaji wa Osbourne alijibu kwamba kwa miaka 36 Daisley amekuwa akipokea hundi zake mara mbili kwa mwaka, jumla yake mamilioni, na kwamba ukaguzi wa hesabu haukuonyesha upungufu. Shauri hilo lilielekezwa kwenye usuluhishi nje ya mahakama.

Jibu hilo, hata likichukuliwa kama lilivyotolewa na mdaiwa, linathibitisha jambo ninalolisema. Ugomvi wa mwaka 2016 ulikuwa juu ya kiasi. Ule wa mwaka 1998 ulikuwa juu ya kuwapo au kutokuwapo. Mtu aliyeandikwa kama mtunzi anagombania hesabu, na ana vitabu vya kukagua. Mtu aliyepiga tu, bila mkataba imara, anagombania kumbukumbu za watu, na mmoja kati ya mashahidi muhimu kuliko wote, Rhoads, alikuwa kaburini. Ninamheshimu Daisley kwa kuzihifadhi kanda zake, lakini ni wazi pia kwamba kanda hizo ni ushahidi wa jinsi nyimbo zilivyotungwa, wala hazisemi lolote kuhusu nani aliahidiwa nini kwa kupiga. Swali hilo la pili lilipaswa kuandikwa mwaka 1980, siku ambayo walikubaliana jina la bendi, na halikuandikwa.

Kosa la Daisley na Kerslake, kama naweza kuliita kosa, lilikuwa kuamini kwamba kuwa bendi kunatosha. Waliingia kwenye studio wakiwa wanne na wakajiona wanne. Uandikishaji wa nyimbo uliakisi imani hiyo, kwa kuwa ulifanywa wimbo kwa wimbo. Umiliki wa jina na wa rekodi haukuiakisi, kwa kuwa uliachwa mikononi mwa kampuni ya baba wa meneja. Ninaona kwamba Osbourne, aliyefariki Julai 2025, alikuwa mwaminifu zaidi kwa ukweli pale alipokuwa na uwezo mdogo zaidi wa kuukwepa, na sidhani kuwa hilo linamhusu yeye peke yake.

Mwezi Mei 2011 albamu zote mbili zilitolewa tena kuadhimisha miaka thelathini, safari hii zikiwa na besi ya Daisley na dramu za Kerslake kama zilivyopigwa. Hakuna mahakama iliyoamuru hivyo. Mashabiki walikuwa wamelalamika kwa miaka tisa bila kuchoka, na matoleo ya mwaka 2002 yakaachwa kando.

Mwishoni mwa mwaka 2018 Kerslake, akiwa na saratani na akiwa ameambiwa kwamba hana muda mrefu, alisema hadharani kwamba anatamani kuwa na sahani za platinamu, yaani tuzo za mauzo makubwa, za albamu hizo mbili ukutani kwake kabla hajafa. Aliomba sahani tu, fedha hakuzitaja. Mwanzoni mwa mwaka 2019 zilimfikia, pamoja na barua kutoka kwa Osbourne, na picha yake akiwa amezishika ikasambaa duniani. Alifariki Septemba 2020 akiwa na miaka 73. Osbourne alimuaga kwa maneno machache, akisema kwamba ilikuwa imepita miaka 39 bila kumwona Lee, lakini kwamba anaishi milele katika rekodi alizompigia.